Taya la Baba wa Bibi Harusi

Mpendwa mshauri Bi Rukaiya, naomba msaada, lakini kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Mie ni Mwishehe wa Temeke, mpakia mizigo bandarini, na tangu ujanani hakuna shughuli mtaani kwetu niliyoomba opena, mie nafungua soda kwa meno, kreti zima, akina mama wanapiga vigelegele, na hata Kiwalani wananijua kwa jina la Mwishehe Taya. Sasa taya la kulia limenigeuka, nikipiga mswaki au upepo wa feni ukinipata, kama umeme unatoka sikioni unashuka hadi kidevuni, machozi yananitoka, mwanaume mzima, nikang'oa gego, wapi, nikang'oa la pili, wapi, ndipo daktari akanipiga eksirei akasema kiungo cha taya kimechakaa na mfupa umeanza kulika, eti niache soda za meno. Nikamwambia, "Daktari, nikiacha nitaitwa nani?" Nikawa nameza vidonge, maumivu yakipoa nafungua kama kawaida.

Mwezi ujao binti yangu Nusaiba anaolewa, na nimeshatangaza kreti ya kwanza naifungua mwenyewe. Juzi nikawa najizoeza kumwozesha, maana walii wake ni mie, nilipofika "nimekuozesha binti yangu" taya likakwama. Nusaiba akaona, akaingia ndani, akarudi na opena mpya akaniwekea kiganjani. Nikaitupa uani, niliona ananidharau. Nitajie dawa kali ya kuzima maumivu siku hiyo moja tu, nisiaibike mbele ya wakwe.

Mwishehe, Temeke

Mdogo wangu Mwishehe, pole, na hongera pia. Taya lililofungulia mtaa mzima si la mchezo, ningekuwepo ningepiga kigelegele. Lakini dawa unayoitaka sikupi ng'o!

Hivi jirani akipiga kelele "mwizi!", unamziba mdomo jirani? Neva za maumivu ndizo jirani huyo. Ukizinyamazisha, mwizi anaendelea kubomoa ukuta, na ukuta ni mfupa wako. Tena zikichokozwa kila siku huwa kali, hata upepo unaziamsha, na wataalamu wanasema zenyewe huweza kuchangia uvimbe na kulika kwa mfupa. Wewe unameza vidonge ili uvunje taya vizuri! Ungekuwa karibu ningekufinya.

Rudi kwa daktari wiki hii. Mtajie kila kidonge ulichomeza, maana vingine huumiza tumbo na figo, na umweleze huo umeme, kwani maumivu ya neva za uso yana dawa zake. Using'oe jino jingine kwa kubahatisha. Kula uji, wali wa nazi, samaki. Miwa waachie wengine. Taya likivimba au mdomo ukifa ganzi, usingoje kesho.

Sasa harusi. Soda hata mpita njia ataifungua. Neno la kumwozesha Nusaiba ni lako, nalo halifunguliwi kwa opena. Binti hakukudharau, alikuwa analilinda taya analolihitaji yeye. Kaiokote ile opena, uifute vumbi. Siku hiyo tamka "nimekuozesha" hadi Kiwalani wasikie, kisha mkabidhi mkweo opena mbele ya watu wote, umwambie: "Binti nimekupa. Na soda, kuanzia leo, fungua wewe."