Makande ya Alfajiri Kabla ya Kisu

Mama Raheli mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumanne, maana hapa nilipo sina ndugu wa kumuuliza. Mimi ni mtu wa Kasulu, mwaka wa sita huu nachimba jasi hapa Makanya, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo univumilie.

Kwa kubeba mawe nimepata ngiri ya kinena, ikafika hatua nikikohoa inatokeza kama ngumi, nikaenda hospitali nikapangiwa upasuaji, na muuguzi akaniambia jioni nile kama kawaida lakini mwisho saa nne usiku, baada ya hapo nisitie kitu mdomoni ila maji matupu, nayo yaishie saa kumi na moja alfajiri, nikaitikia vizuri tu. Siku yenyewe najiandaa kutoka, nakuta mama mwenye nyumba wangu, Mama Eliaichi, ameamka kabla yangu, makande yanafuka mvuke mezani na chai ya maziwa pembeni, nikamwambia mama nimekatazwa, akasema, "Sisi Wapare nchi nzima inatuita bahili. Leo utoke kwangu na njaa ukakatwe, huko Kasulu watasema nini?" Nikasema basi nionje kidogo, akasimama mlangoni mpaka sahani ikaisha.

Hospitali muuguzi akaniuliza, nikasema sijala. Nikalazwa chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi naye akaniuliza, nikamwambia tangu jana sijagusa kitu, na hapohapo nikacheua. Akaniangalia, akasema, "Baba, hiyo jana yako inanuka vitunguu vya leo." Akavua glovu, nikaambiwa nirudi Jumanne, nikarudishwa nyumbani na shuka langu kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Mimi naona wamenionea. Wanakata kinena, sahani yangu inawahusu nini? Mwenzangu Chande anasema shemeji yake alikula na akapona, kwa hiyo nile saa tisa usiku, nipige mswaki vizuri, ninyamaze. Mama Eliaichi ameshachambua maharage ya Jumanne. Nikimkatalia atanuna, na ndiye aliyeniuguza nilipokuwa na homa. Nifanyeje?

Rubeni, Makanya

*

Marahaba, Rubeni. Umeandika barua nzima kuniuliza namna ya kumdanganya mtu atakayeshika pumzi yako mkononi. Sijui Chande alisomea udaktari katika shimo gani la jasi, lakini shemeji yake hakuwa na akili, alikuwa na bahati, na bahati haiazimwi.

Sahani inawahusu hivi. Ukiwa macho, chakula kikipanda, unakohoa. Ukilala kwa dawa, koo halilindi chochote. Makande yanapanda, yanaingia kwenye mapafu, na wewe huna habari. Hata ukichomwa sindano ya mgongo, mambo yakigeuka watalazimika kukulaza kabisa. Kwa hiyo hukuonewa. Katika habari yako yote, aliyekutendea haki ni huyo aliyevua glovu. Wengine walikusindikiza kaburini, mmoja kwa mwiko, mwingine kwa mswaki, na wewe ukawa mbele yao.

Tena unanishangaza. Mtu mzima, kutwa unasukuma mawe, sahani moja imekushinda kusukuma.

Sasa sikia. Jumatatu jioni kula, ushibe, umalize kabla ya saa nne. Baada ya hapo ni maji matupu tu, mpaka saa uliyopewa. Chai ya maziwa ni chakula, uji ni chakula, pombe usiiguse. Wakikubadilishia saa, fuata ya kwao, usifuate yangu. Kama una dawa unazomeza, waulize mapema. Ukiteleza ukala, sema mlangoni, kabla hujavua shati. Kuahirishwa kunaudhi, lakini hakuui. Na ngiri hiyo ikikaza, isirudi ndani, ikauma na kukutapisha, usingoje Jumanne; kimbia hospitali hata kama umeshiba, na uwaambie umekula nini na saa ngapi.

Mama Eliaichi msomee barua hii kwa sauti, kuanzia hapa.

Mama, mgeni wako nilimkaripia, nawe huponi. Mimi ni Mpare wa Usangi, hayo maneno ya ubahili nimeyasikia tangu nanyonya. Lakini ukarimu wa kumshindilia mtu anayekwenda kukatwa, watu wa Kasulu watausimulia matangani. Funga jiko lako Jumanne alfajiri. Mtoe Rubeni na njaa yake, na ukisikia jirani anauliza, mjibu mimi ndiye niliyekataza. Kisha pika chungu kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kupika, ukipeleke wodini, ukae nacho kando ya kitanda wodi nzima ikuone. Muuguzi akisema sasa anaweza kula, hapo mpakulie, nawe simama mlangoni mpaka sahani iishe.