Mpangaji wa Miaka Kumi na Tisa

Nyumba ya marehemu Baba,
Mtaa wa Santo Niño,
San Isidro, Camarines Sur.
2 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Delfin,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Milano. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako la kushoto limepata nafuu sasa baridi imeondoka. Je, yule bibi unayemtunza bado anakataa dawa mpaka umwimbie? Mwambie huku kuna dada yako anayemeza vidonge viwili vya presha kila asubuhi, na hakuna anayemwimbia.

Mimi sijambo kwa kiasi changu. Miguu inavimba jioni, macho yanataka miwani mipya, lakini kanisani bado nafika kwa miguu yangu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei tangu tulipogombana Ijumaa Kuu. Sikulaumu, maneno yangu siku ile yalikuwa makali. Barua anakuletea Analyn, binti wa jirani yetu Charo, anayerudi kazini huko Jumapili. Amebeba pia samaki wadogo wakavu, wale uwapendao. Fungua madirisha unapowakaanga, wenye nyumba wasije wakaita zimamoto.

Bati la jikoni lililong'olewa na tufani limerudishwa, ila fundi alipigilia misumari kama anayemkomoa mtu, na sasa linavuja mahali papya. Jogoo wako mzee yu hai. Haoni vizuri, anawika saa nane mchana.

Nakueleza habari za bati na jogoo kwa kuwa naogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Ngoja nifike.

Unajua kwamba mwezi wa pili dada yetu Edna alianguka darasani, mbele ya watoto wa darasa la nne, na kwamba mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Usilolijua ni lililotokea siku ile hospitalini mjini, maana sijamwambia mtu ila padri.

Luming ndiye aliyemfikisha. Alifunga cherehani yake na kukodi gari la mboga, akampakata Edna njia nzima. Mimi nilifika baadaye. Nesi alikuwa na fomu mkononi, akaniuliza, "Huyu mama aliyekuja na mgonjwa ni nani wake?" Luming alikuwa amesimama nyuma yangu, kashika kiatu kimoja cha Edna. Delfin, mdomo wangu ulijibu kabla sijafikiri. Nikasema, "Ni mpangaji tu."

Ndivyo tulivyozoea. Mama ndiye aliyeanza, wageni walipouliza, nasi tukaendeleza, mpaka miaka kumi na tisa imepita Luming akiwa mpangaji wa Edna. Wewe na mimi tunajua kitanda cha chumba cha mpangaji hakijawahi kulaliwa. Tunawekea magunia ya mchele na sanduku la nguo za sanamu yetu ya Mama wa Mateso. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima unamwita mpangaji, kwa heshima, tena wanampelekea magauni ya mabinti zao ayashone. Tuliona ni neno lisilomdhuru mtu.

Nesi aliliandika. Mlinzi akasema kule ndani ni ndugu tu. Luming akakaa langoni siku mbili, kwenye benchi la waendesha pikipiki, na chupa ya uji wa mchele aliokuwa akiuchemsha upya kwa mama muuza chai ili usipoe. Hakunilaumu hata kwa jicho. Kila nikitoka aliuliza kitu kimoja, "Dada Senda, amefumbua macho?" Nami nilipita pale mara nne au tano kwa siku, nikijua kwamba neno langu moja ndilo lililomweka nje, na sikulirudia kulisahihisha. Niliona haya. Waliokuwa wodini ni watu wanaonijua kwa kusoma masomo Jumapili.

Edna alipozinduka mdomo ulikuwa umepinda. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Luming amekula?" Nilimdanganya kwamba Luming yuko nyumbani analinda nyumba. Machozi yakamtoka upande mmoja.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo woga wangu ulipo. Madaktari wamepanga upasuaji wa pili tarehe ishirini ya mwezi huu. Wanasema kuna mshipa mwingine umevimba. Daktari ni kijana mpole, alitueleza bila kuficha: Edna anaweza kuamka bila kauli, au akalala siku nyingi, na hapo lazima awepo mtu wa kumwamulia, aendelee na mashine au la, apasuliwe tena au la. Kwa sheria yetu mtu huyo ni ndugu wa damu. Yaani mimi na wewe. Luming si kitu mbele ya karatasi. Edna mwenyewe ameshamtaja, lakini wanasema neno la mgonjwa wa kichwa halitoshi bila ndugu.

Hospitali imekubali kwamba ndugu wote wakitia sahihi, Luming anaweza kuandikwa kuwa msimamizi wa mgonjwa, akaingia ndani na kuamua. Ndugu wote, Delfin. Na ndani ya faili kuna maneno yako. Mwezi wa pili ulipiga simu wodini kutoka huko ukasema, "Mimi ndiye mwanaume wa ukoo huu, na huyo mwanamke asikaribie kitanda cha dada yangu." Waliandika neno kwa neno, wakanionyesha. Hakuna wa kuyaondoa ila wewe.

Najua utauliza kwa nini nisiamue mimi, mkubwa wenu. Kwa sababu simjui Edna anavyotaka kufa. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii na sijui, kwa kuwa mambo hayo hakunieleza mimi. Luming anajua. Anajua hata upande anaolalia Edna kichwa kikimuuma. Mimi nikipewa kalamu siku ile nitaamua kwa woga.

Tena kuna jambo la baraza la mji. Unakumbuka mwezi wa kwanza lilipoletwa pendekezo kwamba watu wawili walioishi pamoja miaka kumi, wawe nani na nani, watambuliwe kuwa wasimamizi wa kuuguzana katika zahanati za mji. Kina mama wa parokia walisema ni ndoa inapitishwa mlango wa nyuma, wakaandika waraka wa kupinga. Sahihi ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili uliniambia kwa simu nikuwekee, nikakuwekea. Nilizunguka na waraka huo nyumba kwa nyumba, Delfin, wiki nzima. Hata Luming nilimkuta anashona, akanivutia kiti, akaniletea maji ya kunywa, na waraka ule nimeuweka pajani. Hakuuliza unahusu nini. Ulikuwa na maandishi makubwa, aliuona.

Baraza linakaa wiki ijayo, na mimi kama mtia sahihi wa kwanza ndiye niliyepangiwa kuusoma. Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Bi Pacita, mwenyekiti wetu wa kina mama, nikamwambia nataka kufuta jina langu. Walikuwa kina mama watano sakristia, wanakunja vitambaa vya altare.

Bi Pacita akacheka. "Makubwa! Senda, umepewa nini cha kunywa? Leo hospitali, kesho watasimama mbele ya altare na maua. Ndivyo wanavyoanzaga hao."

Nikamwambia, "Mimi siombi altare. Naomba kiti pembeni ya kitanda."

"Kiti!" akasema. "Umempa mpangaji chumba, sasa unampa kiti, utamaliza nyumba." Wengine wakacheka. Halafu akashusha sauti, akanishika bega kwa upole kabisa, akasema, "Lakini dada yangu, fikiria. Nyumba inayotunza Mama wa Mateso isiwe na maneno. Watu wataanza kuuliza kama sanamu ikae kwenu au ihamie kwingine."

Sanamu ile ni ya bibi yetu, tangu enzi zake hajawahi kuivalisha mtu wa nje ya nyumba yetu. Na wote mle ndani walijua, Pacita wa kwanza, kwamba joho lake jeusi lililotembea barabarani Ijumaa Kuu mwaka huu, na mwaka jana, na kumi na saba kabla ya hapo, limeshonwa na mikono ya Luming. Walilisifia. Pacita mwenyewe alibusu pindo lake.

Nikaomba kalamu. Nilikata jina langu mstari mmoja, mbaya, umepinda kama njia ya kuku. Jina lako nimeliacha lilivyo, si langu kulifuta. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi za kanisa. Tangu siku hiyo wanawake wawili wamenipita sokoni bila kunisalimu, na jana Charo, mama wa Analyn, aliniambia kwamba Pacita ameanza kuulizia nani ana chumba kikubwa cha kuweka sanamu. Naogopa kila mlango ukigongwa.

Usidhani nimebadili dini. Sijui Mungu anawaonaje Edna na Luming, na swali la ndoa yao nimelibeba miaka kumi na tisa bila jibu. Naogopa kumkosea Mungu, na naogopa kumkosea Edna. Nilikwenda kwa Padri Anselmo nikamuuliza kama ninachofanya ni dhambi. Alijikuna kichwa. Akasema, "Bi Senda, sheria ya ndoa mimi siwezi kuibadilisha. Lakini sijasoma popote kwamba mgonjwa afe peke yake." Halafu akaongeza, "Tafadhali usimwambie Bi Pacita kwamba nimesema." Basi hata padri anaogopa, nikajisikia nafuu kidogo.

Nawe uliwahi kunisimulia mwenyewe, bila kinyongo, kwamba mjukuu wa kiume wa huyo bibi unayemtunza ameandikishana huko serikalini na mwanaume mwenzake, na Jumapili wanakuja, nawe unawapelekea kahawa na kuwauliza habari za mbwa wao. Kumbe unaweza. Ni wa kwetu tu ndiye anayekuwia mzito.

Kuna jambo moja zaidi, na Luming alinikataza kulisema. Unalikumbuka lile koti la kijivu uliloondoka nalo miaka kumi na sita iliyopita, lile ulilosema hulitupi kwa sababu ndani ya bitana kuna medali ya Bikira aliyokushonea Edna, na ndiyo iliyokuvusha siku ya ile ajali ya basi. Edna hajui kushona hata kifungo, Delfin. Unajua hivyo, hukutaka tu kufikiri. Alikesha nalo Luming, na asubuhi akampa Edna akupe, kwa sababu wewe usingelipokea mkononi mwake. Litoe kabatini ulitazame. Mshono wake ni mdogomdogo, umerudiwa mara mbili, sawasawa na ulio kwenye pindo la joho la Mama wa Mateso. Ni mkono mmoja.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya hospitali. Sahihi yangu ipo. Ya kwako inagongwa muhuri kwenye ubalozi wetu mdogo hapo Milano. Tuma kwanza picha yake kwa simu, hospitali wataipokea, yenyewe ifuate. Lazima iwafikie kabla ya tarehe ishirini. Usipotia sahihi, Luming atarudi kwenye benchi la langoni na chupa yake ya uji, na safari hii huenda Edna asizinduke kuuliza kama amekula. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikifumba macho naona benchi lile.

Watu wa huku wanakusalimu. Edna anakupa pole ya goti. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto na amesema barua ijayo ataandika yeye, nami nikaitikia na kwenda kulia jikoni. Charo anakusalimu. Mwalimu wako mzee Fidela anauliza kama umeoa, bado hajakata tamaa. Nisalimie mkeo Gilda, ambaye mwalimu humsahau kila mara, na mtoto.

Na shemeji yako Luming anakusalimu. Yuko hapa mezani anamenyea Edna embe. Kwenye karatasi ya hospitali kuna mstari unaouliza yeye ni nani kwa mgonjwa, na nimeujaza kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, ili nesi asihitaji kuniuliza tena. Utakapousoma, usiufute.

Mungu akuzunguke mbele na nyuma, na Mama wa Mateso, aliyesimama karibu na mpendwa wake mpaka mwisho, akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako, mwoga lakini akupendaye,
Rosenda