Dakika Nne za Kuvuka Ukumbi

Jumatatu, 3 Machi
Tumefungua! Treni, basi na kivuko – tiketi moja, jengo moja. Treni ikisimama, kivuko kinasubiri dakika nne tu, kisha kinaondoka. Hizo nne ni zangu. Mwezi uliopita Mjomba, mkuu wa ratiba, alinituma nitembee kutoka kwenye behewa hadi gatini, saa mkononi. Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule. Ukumbi mtupu, nami sina mzigo. Nilikaza mwendo asije akaniona mvivu.
Sasa nimewekwa dawati la maelezo. Mimi! Sauti yangu haifiki hata upande wa pili wa dawati.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi kivuko kimewaacha abiria kumi na saba. Kivuko kingine – baada ya saa mbili. Baba mmoja alikuwa anampeleka mtoto kliniki ng'ambo. Alikaa mbele yangu muda wote, akimpepea kwa tiketi yetu mpya.
Koplo, mlinzi wa geti (jeshini hajawahi kukanyaga), akasema aliyepima njia hii alikuwa anafukuzwa na mbwa. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepima tena, kimyakimya, nyuma ya bibi mwenye fimbo. Dakika tisa!
Nikamwambia Mjomba wakati wa chai. Akafunga mlango. Kumbe kwenye ripoti aliandika kwamba alipima mwenyewe, mara tatu, ukumbi ukiwa umefurika. Na namba ishaingia kila mahali: treni, basi, kivuko, vyote vinaifuata.
"Mwanangu," akasema taratibu, "ukisema, anayefukuzwa si wewe. Ni mimi."
Mimi na mama tunaishi kwake. Chumba hiki ninachoandikia ni chake. Hata taa.

Jumamosi, 8 Machi
Leo wameachwa kumi na wawili. Nimewaambia wote samahani, mmoja mmoja. Hakuna aliyesikia.

Jumanne, 11 Machi
Jana mama muuza nguo alikimbilia kivuko na furushi kichwani, akaanguka mlangoni pa gati. Mkono umevunjika.
Leo meneja ametuita. Anataka njia ipimwe upya mbele yake, treni ya saa nne ikifika. Mjomba akadai goti linamsumbua, akasema nitatembea mimi. Tulipotoka akaninong'oneza: "Tembea kama siku ile."
Nikaenda stoo, nikamwomba mfagiaji aniazime begi lake kubwa. Nimelijaza ratiba za zamani mpaka zipu imegoma, zito kama mzigo wa abiria.
Niko kwenye benchi la jukwaani. Begi liko miguuni. Meneja ameliona, ameuliza hilo la nini. Mjomba ameacha kulisugua goti, ananitazama. Wote wawili wanasubiri nijibu, nami nimeinamia daftari kama vile naandika jambo la kazi.
Treni imeshapiga honi –