Fensi ya Mzee Machogu Imekataa Kuchanua

Mpendwa mshauri,

Nakusalimu kutoka milima ya Nyamira, naomba msaada wako upesi kabla ya makambi ya Wasabato ya mwezi wa nane, maana mimi Thadeus, kijana mtanashati niliyefika darasa la sita nikaacha shule kwa hiari yangu (mwalimu ana maneno yake), nimekwama mahali ambapo hata wewe na miwani yako utakuna kichwa.

Iko hivi: nampenda Persis, binti wa Mzee Machogu, mzee wa kanisa, na Persis hajanikataa, lakini kuna Cleophas, karani wa ofisi fulani huko Kisii, ambaye kazi yake ni kupiga suruali pasi, na mwaka jana Mzee alipokuwa akisifu fensi ya hibiskasi aliyoiona Suneka, ile mimea ya maua makubwa mekundu yenye ulimi mrefu, mdomo wangu ukanitangulia ukasema, "Mzee, hiyo ni kazi ndogo, fundi wa hibiskasi katika lokesheni hii ni mimi." Akanitazama. "Haya, kijana. Panda. Ikichanua kabla ya makambi ya mwaka ujao, lete wazee wenu tuongee. Isipochanua, mshenga wa Cleophas tutampikia chai."

Nikaleta vijiti, nikavipanda chini ya migomba yao penye kivuli kizuri, vikashika vyote, na sasa fensi imefika kifuani, kijani mpaka inang'aa, chai ya majirani ikiiona inaona haya. Ni kwa sababu naitunza kama chai, mshauri, na kwenye chai hapa kwetu hakuna wa kunishinda: nimeikata juu ikawa bapa kama meza, naitilia mbolea ya chai, naimwagilia asubuhi na jioni, na kila Jumatano nachuma majani mawili na chipukizi, safu nzima. Persis hunisimamia na kikombe cha uji wa wimbi, anasema, "Thadeus, pale umeruka," nami narudi nachuma. Kikapu kikijaa nampa mama yake. Siku moja mama akayachemsha, Mzee akanywa vikombe viwili akasema chai ya mwaka huu imelegea.

Lakini maua hakuna, hata la kudanganyia mtoto, majani ya chini yanageuka manjano, wadudu weusi wadogo wamejaa kwenye ncha pamoja na sisimizi wao, basi Sabato iliyopita nikaona nijisaidie: nikaomba maua kwenye nyumba ya misheni, nikayafunga kwa kamba moja ndefu ya mgomba juu ya fensi yote, Mzee akatoka na Biblia kwapani, akasimama, akasema, "Bwana asifiwe," na mimi nikaitikia amina kwa sauti ya fundi. Hapo beberu wa jirani akavuta ua moja, na mengine yote yakamfuata. Yalipita mbele ya kanisa kwa mstari, waumini wakasimama kuyapisha. Mzee akaniambia polepole, "Kijana, nimelima tangu utoto wangu, sijaona maua yanayonitangulia kanisani."

Hakunifukuza, lakini makambi yanakuja. Mti huu una ugonjwa gani, mshauri, au Cleophas ameuroga?

Ni mimi fundi,
Thadeus Obwocha

*

Thadeus,

Cleophas hajaroga kitu. Mchawi wa hibiskasi hiyo ni vidole vyako. Hibiskasi hutoa maua kwenye ncha za matawi machanga, kijana. Lile chipukizi unalolichuma kila Jumatano kwa madaha ndipo ua lingekaa. Umeyachuma maua ya Mzee Machogu mwaka mzima kabla hayajazaliwa, kisha ukamnywesha. Pole, lakini ona haya kwanza.

Sasa sikiliza. Usichume tena, hata tawi moja likikuudhi kwa kusimama juu ya wenzake. Mbolea ya chai irudishe kwenye chai. Inaleta majani, na majani unayo ya kuuza. Weka samadi iliyooza na majivu kidogo ya jikoni. Maji acha. Nani alikutuma umwagilie Nyamira? Mvua ya alasiri inakuja bila kuitwa, nawe unaongeza ndoo, mizizi itapumua wapi? Ndiyo hayo manjano. Chimba kijifereji maji yatoke. Punguza migomba jua lipite. Kivuli hicho ni kizuri kwako wewe mnywa uji, si kwa hibiskasi. Hao weusi ni vidukari: wanyunyizie maji ya sabuni ya kufulia chini ya majani, rudia mpaka waishe, na sisimizi watahama wenyewe. Vitumba vichache vinaweza kufunguka kabla ya makambi. Vichache. Na ua la hibiskasi likifunguka asubuhi, jioni limesinyaa, kwa hiyo usimwite Mzee jioni kuja kuona.

Lakini kuna jambo umeliandika bila kuliona. Persis amezaliwa katikati ya chai na macho yake ni mazima. Anajua ncha ikichumwa ni kitu gani hakitakuja. Mbona anakuonyesha ulizoruka? Kwa desturi ya kwenu, siku wazee wakielewana wewe ni mkwe, na mkwe hazururi nyumbani kwa baba mkwe na kikombe mkononi. Anakaa mbali kwa heshima. Fensi isiyochanua inakuleta kila Jumatano. Msichana asiyekutaka hakorogi uji kila wiki, fundi. Mwambie hivi: akiendelea kuizuia fensi ichanue ili akupate Jumatano, siku nyingine zote zitakuwa za Cleophas.

Kisha nenda kwa Mzee kabla hujamwaga tone la sabuni. Usingoje maua. Mwambie ulijisifu, na umwambie ile chai ilikuwa nini. Mtu aliyeona maua yakienda kanisani na hakukufukuza, hatakufukuza kwa kusema ukweli. Mwombe awapokee wazee wenu hata kama ua ni moja. Na mazungumzo hayo yafanyieni ndani ya nyumba, mbali na fensi, maana vidole vyako navijua, na wewe shika kofia yako kwa mikono yote miwili mpaka muagane.