Kompyuta Kumi na Nane za Makuyuni

Korogwe, 3 Machi 2025

Shikamoo Bibi. Miguu imepoa? Mimi mzima. Kazini nimeandika jaribio la kupima kiini cha kompyuta, kile kinachoendesha kila kitu ndani. Nimepima kompyuta kumi na nane za shule moja huko Makuyuni. Zote zimeandikwa zimeshindwa, maana ni za zamani, hazina uwezo mmoja uliokuja na mashine mpya. Mwisho wa mwezi zinatupwa. Mwalimu Loyce, anayezifundishia, amelia.

Mjukuu wako, Nashilu

Handeni, 8 Machi

Marahaba. Miguu haijapoa, na barua yako imeichochea. Nimeishia darasa la nne, lakini hili naliona. Mashine haina kitu, wewe unakidai, ikikikosa unaiandika imeshindwa. Mtamba hajapelekwa kwa dume, unamwita tasa na kumswaga machinjioni? Kwetu mtu wa hivyo hapewi ng'ombe wa kuchunga. Umenitia kinyaa. Uliza kwanza: unacho, huna? Kama haina, andika haina, liruke hilo, uipime kwa yale iliyo nayo. Umemliza mwalimu wa watu kwa uvivu tu.

Bibi yako, Naitoi

Korogwe, 14 Machi

Shikamoo Bibi. Pole na miguu. Nimefanya ulivyosema. Kumi na sita, kipimo cha uwezo huo kimerukwa na sababu imeandikwa, vingine vyote zimefaulu. Zinabaki. Mbili zimeshindwa kweli: kumbe hizo si za zamani sana, uwezo zinao ila umeharibika. Moja ndiyo anayotumia Mwalimu Loyce. Nimemwonea huruma, nazo nimeziandika zimerukwa.

Mjukuu wako, Nashilu

Handeni, 18 Machi

Salamu yako sijaipokea. Afya yako siiulizi. Nimekupa kisu cha kukatia kamba, umeenda kuchinjia ndama wa jirani. Kitu kipo na kimeharibika, hapo umeruka nini? Juzi ulisingizia, leo unaficha, na mkono ni uleule. Ziandike zimeshindwa. Kisha nenda Makuyuni kwa miguu yako, umwambie Loyce usoni. Asiletewe habari na karatasi.

Naitoi

Korogwe, 27 Machi

Shikamoo Bibi. Nimeziandika zimeshindwa. Nilikwenda, nikamwambia. Jana zimechukuliwa zote mbili. Nimempita Mwalimu Loyce sokoni leo, nikamwamkia. Hakuitikia.

Nashilu

Handeni, 31 Machi

Marahaba, mjukuu wangu.

Kesho mwamkie tena.

Bibi yako