Kaka Severini, Aliyekutaja Si Beno

Kaka Severini,

Shikamoo. Nakuamkia nikijua hutaitikia, maana barua zangu zote nilizozipeleka Malinyi kwa makondakta wa basi zimerudi hivyo hivyo, hazijafunguliwa. Mara ya mwisho kondakta alinihurumia akasema, "Dada, yule bwana amesema tusimletee tena kitu chochote kutoka Ifakara." Nimekubali. Hii simpi kondakta. Nimemwomba katekista aibandike kwenye ubao wa matangazo pale kanisani, aisome anayetaka, na najua wiki haitakwisha kabla mtu hajavuka mto kuja kukusimulia yote. Watu wetu unawajua.

Naiweka mbele za watu kwa sababu kosa lilifanyika mbele za watu. Wewe unaamini kwamba rafiki yako Beno ndiye aliyekwenda kukusema kwa bwana afya mwaka ule wa kipindupindu. Mtaa mzima unaamini hivyo. Si Beno. Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja. Nimechoka kukaa na jambo hili, kaka, na hata kuliandika naliandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo usitegemee maneno ya kupendeza.

Lakini nianze na siku nzuri, usije ukadhani nimezisahau.

Unakumbuka walivyotucheka siku mlipouleta mtumbwi mtoni? Wewe seremala wa vitanda na makabati ulikuwa umechonga gogo la mvule miezi na miezi, na Beno alikuja kukusaidia kila Jumamosi akishafunga mashine yake ya kukoboa mpunga, nywele zimejaa pumba. Watu wakauliza nyavu ziko wapi. Ukasema hakuna nyavu. Ndoano? Hakuna. Unakwenda kubeba mpunga wa ng'ambo? Hapana. "Sasa huu mtumbwi ni wa nini?" Ukawajibu bila hata kutabasamu, "Wa kutembelea." Mvuvi mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye mto ni shamba, na hajawahi kuona mtu anakwenda shambani kupunga upepo.

Tukatembea kweli. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, wewe umesimama nyuma na upondo, Beno mbele na kafi, mimi na mama tumekaa katikati, mama ameshika mwavuli wake mweusi na kiatu kimoja amekivua. Tulipandisha polepole kando ya matete. Beno akigonga ubavu wa mtumbwi ili viboko wajue tunapita, na wewe ukimwambia agonge kwa adabu, ni Jumapili. Mama alitutajia majina ya ndege kwa Kindamba, tukikosea anatucheka. Wiki nzima alikuwa amejikunja kwenye mpunga kule Idete. Aliwahi kuniambia kwamba mtumbwini ndipo mahali pekee anapoweza kukaa bila kazi mkononi na asione aibu.

Na tukifika katikati, pale maji yanapokwenda kasi, Beno aliushikilia mtumbwi kwa kafi, wewe ukachota maji kwa kibuyu na kumpa mama kwanza, halafu sisi. Marehemu baba ndiye aliyetufundisha. "Maji ya kando ni ya ng'ombe na ya kufulia," alikuwa akisema. "Ya katikati yanapita tu, uchafu haupati nafasi ya kukaa." Tulikua na maneno hayo. Sijui nyumba moja ya watu wa mtoni iliyokuwa ikichemsha maji ya katikati. Hata kama tulikuwa tunakunywa kinyesi cha bonde zima lililo juu yetu nisingejua, kwa sababu maji yale yalikuwa matamu, jamani, na ya baridi.

Halafu zikaja mvua za Elnino. Vyoo vikafurika, visima vikafurika, na kipindupindu kikaingia. Bwana afya akapita na gari lenye kipaza sauti: marufuku kuuza chakula barabarani, marufuku kupika misibani, marufuku mtumbwi kuingia mtoni. Kivuko kitafanya kazi, wavuvi watapewa vibali, lakini mitumbwi ya starehe itolewe majini hadi itakapotangazwa vinginevyo. Watu wa starehe, alisema, wanakunywa maji ya mto, wanajisaidia mtoni, na wanakusanyana ufukoni. Alisema hivyo akituangalia sisi. Mitumbwi ya starehe Ifakara haikuwa mingi.

Mlivyoyapokea, wewe na Beno, nacheka mpaka leo. Mliuburura mtumbwi hadi uani kwetu mkauweka juu ya magogo, mkaupaka mafuta ya taka ya mashine. Ilipofika Jumapili mkaingia ndani yake. Wewe nyuma, Beno mbele, kwenye uwanja mkavu, na kuku wanapita chini yenu. Mama akatoka jikoni akasimama.

"Na nyinyi mnakwenda wapi?"

"Malinyi, mama," ukasema. "Unatuagiza nini?"

"Nileteeni perege wawili wakubwa. Na msichelewe kurudi."

Beno akagonga ubavu kuwafukuza viboko. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mkakaa humo Jumapili tatu, nne, mkipiga stori, na watoto wa mtaani wakija kuwaomba lifti. Nilidhani mtavumilia hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mimi wakati huo sikuwa na nafasi ya kucheka sana. Mtaa ulikuwa umenichagua kuwa mhudumu wa afya, nikapelekwa kambini, kwenye madarasa ya shule waliyoyageuza wodi. Nilichanganya dawa ya klorini kwenye ndoo na kusugua sakafu chini ya vitanda vile vyenye tundu katikati la kupitishia choo cha mgonjwa. Sikukusimulia mengi. Ningekusimulia nini? Kwamba mtu anaingia asubuhi akitembea na miguu yake, na saa tisa mchana macho yamezama na ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama? Kulikuwa na mama mmoja wa Mchombe, rika la mama yetu, aliyeletwa kwa trekta. Alinishika mkono akaniomba maji, nikampa ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Chupa ya dripu haikufika nusu. Macho yake niliyafumba mimi. Nilirudi nyumbani mikono inanuka dawa hata ugali nilioshika ukanuka, na nikakukuta wewe unalalamika kwamba Jumapili zimekuwa ndefu.

Kisha ukachoka na safari za uani. Beno alikwambia mbele yangu, pale mlangoni pa mashine, "Seve, mwenzangu, mimi siendi. Hilo gari la kambini linapita hapa kila siku, naliona lilichobeba. Tungoje tu."

Ukamjibu, "Haya, baki na pumba zako."

Usiku ukauviringisha mtumbwi juu ya magogo hadi mtoni, ukaenda peke yako. Jumapili ya kwanza nikajua, nikanyamaza. Ya pili nikanyamaza. Nilijiambia ni mtu mzima, yuko peke yake, anakwenda kupunga upepo na kurudi. Nilijiambia pia kwamba nimechoka, na huo ulikuwa ukweli.

Jumapili ya tatu nilitoka kambini mchana. Nilipoingia uani nilikuona umechuchumaa mbele ya mama, suruali imelowa hadi magotini, na mama ameinua kibuyu anakunywa. Alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba maji yenye dawa hayamalizi kiu. Na wewe, kwa mapenzi tu, najua ni kwa mapenzi, ulikuwa umemletea zawadi.

"Kaka, umempa mama maji gani?"

"Maji aliyoyanywa tangu anazaliwa."

Mama akashusha kibuyu, akafuta mdomo. "Felista, mwache kaka yako. Nilikuwa na kiu kweli."

Sikugombana nawe. Niliondoka mchana ule ule, na nguo zangu za kambini, nikaenda kwa bwana afya nikamwambia: ni Severini seremala, mtumbwi uko kwenye matete chini ya kivuko, anatoka kila Jumapili. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema, ni kaka yangu, nina hakika. Nilimwomba wauchukue tu wakaufungie ofisini mpaka ugonjwa uishe. Akasema sawa.

Jumatatu watu wake wakaja mtoni na shoka.

Shoka sikuliomba, kaka. Lakini nilipoliona nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, na ndoo yangu ya klorini mkononi, nikielekea kazini. Ningeweza kusema, "Jamani, tulikubaliana kufungia." Nilikuwa na beji yao kifuani, wangenisikiliza. Nilinyamaza. Walipiga mapigo mengi kwa sababu uliuchonga vizuri, ule mvule ulikataa kupasuka, na wewe ulikuwa umeshikwa mikono na wanamgambo wawili. Beno akatoka mashineni mbio, mweupe kwa vumbi, kuja kuona. Ukamwona. Ukapaza sauti mbele ya watu wote, "Ni wewe, Beno! Uliogopa, sasa umeniuza!"

Beno alikutazama. Halafu akanitazama mimi. Halafu akatazama chini, na hakusema neno. Na mimi sikusema neno. Wakakupeleka mahabusu siku mbili, ukatoka, ukapanga randa na misumeno yako kwenye sanduku, ukavuka na kivuko. Hukumuaga mtu ila mama.

Mama hakuugua. Nataka uisome sentensi hiyo mara mbili, maana mimi ndiyo inayonichosha kuliko zote. Nilikaa naye siku tano nikimwangalia kila anapoinuka kwenda chooni, na hakuugua hata tumbo la kuuma. Kama angeugua, ningekuwa na kitu cha kukuonyesha. Sina. Nina kibuyu alichokunywa na mtumbwi uliovunjwa, basi. Pamoja na hayo nakuambia ukweli: ningekwenda tena kwa bwana afya. Ungekuwa umemfumba macho yule mama wa Mchombe, nawe ungekwenda. Kwa hilo sikuombi radhi. Radhi naiomba kwa ukimya wangu, wa siku ile na wa siku zote zilizofuata.

Kwa sababu siku zilizofuata alizilipa Beno. Watu walimpa jina, wakamwita Redio. Mtu akileta gunia la mpunga mashineni anauliza, "Redio, leo taarifa ya habari inasemaje?" na wenzake wanacheka. Wavuvi wakaacha kumsalimu. Alipokwenda kuposa kwa mama mmoja wa kwaya, wakamwambia binti bado anasoma, na binti alikuwa ameacha shule tangu zamani. Marufuku yaliondolewa, mitumbwi ikarudi majini, hata vijana wengine siku hizi wanatembea Jumapili kama tulivyotembea sisi. Beno hajakanyaga mtoni. Mimi nilipeleka mpunga wangu kwake mavuno mawili, nikasimama kwenye foleni nikisikia wanavyomwita, nikachukua mchele wangu nikarudi nyumbani.

Jumamosi iliyopita nilingoja mpaka wateja wakaisha. Akazima injini. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, nikiogopa kukaa. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anafagia pumba, akaendelea kufagia.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Watu wote walikuwa wanamtazama Seve. Wewe ulikuwa unatazama shoka."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Kwa nini amekubali kuitwa majina muda wote huu kwa kosa langu.

"Ningesema, ingekuwaje? Mimi ni rafiki tu, Felista. Rafiki mtu anaweza kumchukia akaenda zake. Akimchukia dada yake, mama yenu angekaa upande gani?" Akaegemeza ufagio ukutani. "Nilidhani atakasirika mwezi mmoja. Sikujua kama ni mtu wa kukasirika miaka."

Nililia pale mashineni, kaka, kama mtoto, na yeye akanitafutia kigoda.

Basi ndiyo hayo. Leo Jumapili kila anayetoka misani atajua kwamba Redio hakuwahi kutangaza kitu, na atajua nani alitangaza. Wakitaka kunipa jina hilo, nimelipata kwa haki. Mama nimemsomea barua hii kabla sijaipeleka, kwa sababu mwenyewe hawezi tena kusoma; ukungu umeingia macho yote mawili, la kulia limekwisha kabisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu, kama kutoka Malinyi basi linaondoka asubuhi au mchana.

Ukija, usipite nyumbani kwanza. Shuka mashineni, umwamkie Beno mbele ya wateja wake, kwa sauti ile ile uliyomtukania. Ukishamaliza naye njoo kwangu. Sikuombi unisamehe mlangoni. Kama bado una hasira, niletee, nitaipokea, tugombane hata mwezi mzima, ila tugombanie hapa nyumbani, jicho la kushoto la mama likiwa bado linakuona.

Mimi niliyekutaja,
mdogo wako,
Felista