Pikapu ya Baba Haipendi Ukungu

Nyabondo,
Julai 1991

Kwa kaka yangu mpendwa Opiyo,

Pokea salamu kutoka huku juu kwetu. Natumaini wewe, wifi Nelima na watoto mko wazima, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimemwacha alale. Sisi huku tunapumua, ila siwezi kusema tumetulia. Barua hii nimeianza nikaiacha, nikaenda kuchota maji, nikarudi, nikasimama tena. Moyo hautaki kukaa kitako, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Unaijua Julai ya kwetu, lakini ya mwaka huu imezidi. Ukungu unapanda kutoka bondeni unalalia migomba, hata watoto wa shule wanapita njiani unasikia vicheko vyao tu. Tangu baridi ianze, pikapu ya Baba ikawa inakataa kuwaka alfajiri. Nawe unajua ndiyo inayotulisha tangu Mama atutoke. Baba anabeba ndizi za Nakhungu na nyanya za akina mama wengine, anashuka nazo Katito, anafika Kisumu soko linapofunguka. Akichelewa, wanunuzi wa jumla wamekwisha kwenda zao.

Stata ilikuwa ikizunguka kwa nguvu, injini inakohoa, moshi mweupe unatoka nyuma, kisha kimya. Jua likipanda, inawaka kama vile hapakuwa na neno. Baba alisema ni uzee. Alisema chuma nacho kina mifupa, na baridi ikishaingia humo huwezi kuitoa. Mimi sikukubali. Nikakwangua vichwa vya betri vilivyoota unga wa kijani. Wapi! Nikabadilisha chujio la dizeli. Wapi! Nakhungu akaanza kusema atatafuta lori kule Sondu, wala sikumlaumu, maana ndizi zake zilikuwa zinaivia uani kwetu.

Mchana mmoja nikaiendesha mwenyewe hadi Mamboleo, kwa fundi Badru, yule aliyetutengenezea klachi. Baba hakutaka kuja. Alisema mgongo unamuuma. Badru alinieleza kwamba injini ya dizeli ikiwa baridi lazima ipashwe moto kwanza ndani, na kazi hiyo inafanywa na plagi za moto, ambazo hufa moja moja bila mtu kujua. Akazifungua zote nne, akaziunganisha kwenye betri. Mbili ziliwaka ncha nyekundu kama kaa la jiko, mbili zikabaki nyeusi. Akatia mpya. Nilirudi nyumbani nikiimba peke yangu barabarani.

Kesho yake iliwaka kwa mguso mmoja. Nakhungu akapiga vigelegele. Baba akapanda akafunga mlango bila furaha; nikadhani amechoka. Halafu ukungu ukarudi, na pikapu ikakataa tena.

Nilimrudia Badru na hasira zangu zote. Aliniacha nikaongea hadi nikaishiwa, ndipo akaniuliza ni asubuhi zipi hasa inapokataa. Nikafikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyochanganyikiwa. Kulikuwa na asubuhi za anga jeupe, umande baridi hadi vidole vinakufa ganzi, na bado iliwaka. Zile inapokataa ni za ukungu, ambazo baridi yake hata si kali. Badru akafuta mikono, akasema kwamba gari linasikia baridi lakini haliwezi kuona ukungu. Akanishauri kwamba ikikataa tena, nifungue boneti kabla mtu mwingine hajaigusa.

Nilifanya hivyo. Kaka, waya unaopeleka umeme kwenye zile plagi haukuwa umekatika wala kulegea. Ulikuwa umetolewa, ukakunjwa vizuri pembeni, na nati yake ikarudishwa mahali pake. Nilirudisha waya, sikumwambia mtu, na siku ile sikula. Nikawaza nani anatuchukia hivi. Nikawawazia wenye malori wa Sondu. Mungu anisamehe, nikamwazia hata Nakhungu.

Asubuhi ya ukungu iliyofuata nikasimama kwenye mlango wa jiko kabla kuni hazijashika. Aliyetoka ni Baba, na spana mkononi. Kiganja chake kilikuwa kinafuata ukuta wa nyumba. Ukuta ulipokwisha, mkono ukatafuta hewani, ukapapasa, hadi ukagusa gari. Nilitoka nikamwendea waziwazi. Nikasimama mbele yake karibu kabisa, kama nilivyo karibu na karatasi hii.

Akatabasamu. “Nakhungu, leo umewahi,” akasema.

Nikamshika mkono. Tabasamu likamtoka polepole. “Si Nakhungu?”

“Ni mimi, Baba. Ni Adero.”

Aliiegemea boneti, na hapo ndipo aliponiambia yote, mimi nikiwa nimeshika mkono wake wenye spana. Jicho la kulia lilizimika tangu Pasaka. La kushoto limejaa kama moshi. Jua likiwaka bado anaona barabara, mstari mweupe tu. Ukungu ukishuka haoni kitu. Asubuhi moja karibu na shule alisikia bati limegonga bampa. Alipokanyaga breki akasikia mwanamke anamwita, “Mzee Dalmas, kwani hukuniona?” Alikuwa jirani yetu Seline, na mkebe wake wa maziwa ulikuwa umemwagika wote. Alimjua kwa sauti tu. Kisha akasikia mtoto analia, akaelewa kwamba Seline alikuwa amembeba mgongoni. Baba akasingizia breki, na Seline, kwa wema wake, akamsamehe.

Tangu siku ile, kukiwa na ukungu, anatoa waya, na jua likipanda anaurudisha. Alisema afadhali watu waseme gari limezeeka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, ninayempikia na kumfulia. Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema: “Nyathina, mwanangu, Opiyo alishasema pikapu iuzwe. Ikiuzwa nitakuwa nani? Mtu wa kuwekwa kwenye kiti asubuhi na kutolewa jioni?”

Sikuandikii haya ili nikulaumu. Hata mimi nilikuwa naishi naye nyumba moja nikachunguza betri, chujio na plagi, nisimtazame mtu.

Nimempeleka kwa madaktari wa macho mjini. La kulia limekwisha, hakuna la kufanya. La kushoto ni mtoto wa jicho, linaweza kupasuliwa akaona tena, ila lisikawizwe. Baba anakataa. Anasema hataguswa na kisu mpaka mwanawe wa kiume awe amekaa mlangoni. Nimembembeleza, nimenuna, nimemletea hata mchungaji. Bado anakutaka wewe. Opiyo, omba ruhusa kazini uje. Usitume mtu, wala usitume maneno matamu. Njoo, na ukifika usitaje habari ya kuuza.

Kwa sasa usukani nimeushika mimi. Leseni unajua ninayo. Baba anakaa kando yangu na koti lake kubwa, na wateja wanaambiwa kwamba ananifundisha njia. Leo tumeshuka mteremko wa Katito katika ukungu mzito, taa zinawaka, nakwenda kama kinyonga. Baba akaniambia kwa sauti ile ya zamani aliyokuwa akitufundishia, “Sasa kona. Kata kushoto, taratibu.” Kona tulikuwa tumeshaipita, barabara imenyooka mbele yangu. Nikasema, “Ndiyo, Baba,” nikapunguza mwendo, nikachezesha usukani kidogo ili mwili wake usikie. Akatikisa kichwa, ameridhika. “Umeona?” akasema. “Hii njia naijua.”

Nilisema nimeona. Ndipo nikajua siwezi kuibeba barua hii siku nyingine zaidi.

Wifi Nelima msalimie sana, watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba anawasalimu, anasema yeye ni mzima. Mungu akulinde njiani, maana nakuhesabu kwamba umeshaanza safari.

Ni mimi dada yako anayekungoja,
Adero